Kabla ya Sukuma, Kagua Mahindi

Ukitaka chakula kikukinge na saratani huku Meru na Embu, anzia kwenye gunia la mahindi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hushika kuvu, na kuvu hutoa aflatoksini, sumu inayosababisha saratani ya ini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na Kitui iko ng'ambo tu ya Tana. Githeri hata ichemke kutwa, sumu haitoki.

Anika juu ya turubai. Kabla ya kuweka ghalani, tia punje kwenye chupa kavu hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Punje zenye kuvu, zilizovunjika au zilizogeuka rangi, zitoe zote. Ng'ombe naye usimpe, atakurudishia sumu kwenye maziwa. Yaliyobaki ukiyakoboa yawe muthokoi, sumu hupungua zaidi.

Sasa mboga. Huko Qidong, China, ambako aflatoksini pia ilisumbua, watafiti waliwapa watu vidonge vya klorofilini, inayotokana na ukijani wa majani, kila mlo kwa miezi minne. Matokeo ya 2001 yalionyesha kuwa dalili za madhara ya sumu hiyo kwenye mkojo zilipungua kwa 55%. Dalili si saratani yenyewe, na kidonge si sahani ya terere. Hata hivyo, sioni kwa nini terere iachiwe msimu wa njaa.

Sukuma na kabichi zikate mapema, uziache nusu saa kabla ya kubandika sufuria. Jani likikatwa huunda isothiosianati, kemikali ambazo wanasayansi wanazichunguza kwa uwezo wa kuzuia saratani. Moto ukiwahi, haziundiki vizuri. Kaanga kidogo tu. Anayechemsha kisha akamwaga maji, amemwaga na faida. Nyanya ni kinyume: ziive sawasawa kwenye mafuta ndipo mwili upate likopini yake.

Vidonge vya dukani viache. Nchini Finland, utafiti wa 1994 uligundua kuwa wavutaji sigara waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa 18%.

Na chai ipoe kwanza: tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeorodhesha vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kuwa yamkini husababisha saratani ya umio. Chakula kikianza kukukwama kooni, usitafute mitishamba. Nenda hospitali ya rufaa ukapimwe.