JOTO LA KIKULA NA MGENI ALIYETOKA MILIMANI

Labda umetoka Lubero, au Butembo, au milima ya Rwanda, ukaja kukaa Kikula na jamaa zako. Butembo inapita mita 1,700 juu ya bahari. Likasi ina mita 1,300 hivi. Ukifika mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua, mabati ya nyumba yanawaka, na usiku hupati usingizi. Kichwa kinauma, miguu ni mizito. Ukiulizwa, unajibu, “Ni joto tu, nitazoea.” Somo hili linakuonyesha lini neno hilo ni la kweli, na lini linaweza kumwua mtu.

1. Mwili hujifunza

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoa joto. Mwili uliozoea baridi haujui bado kazi hii: jasho huchelewa kutoka, hupoteza chumvi nyingi, na moyo hupiga mbio. Lakini mwili hujifunza kwa muda wa juma moja au mawili. Basi usianze siku ya kwanza kulima au kubeba mizigo mchana kutwa. Anza kidogo, uongeze kila siku. Kazi nzito ifanywe asubuhi na jioni.

Kunywa maji safi mara nyingi, usingoje kiu. Tazama mkojo wako: ukiwa mchache na wa rangi nzito, maji hayatoshi. Pombe si maji. Huzidi kuukausha mwili. Vaa nguo nyepesi zisizobana, na kofia. Mtoto mchanga asifungwe katika mablanketi mchana kama kule milimani. Mtoto asiyetimiza miezi sita apewe ziwa la mama mara nyingi, wala asipewe maji.

Mtu akianguka katika joto, mwili ukiwaka, naye akisema maneno yasiyo na maana, hii ni hatari kubwa. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji, mpepee, na kumchukua hospitali upesi. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

2. Homa siyo joto la nchi

Sasa sikia neno lililo kubwa kuliko yote. Mbu wa malaria huuma usiku. Akikuuma leo, huumwi kesho. Mara nyingi homa hutokea baada ya siku 10 hata 15. Basi zile siku mwili unapozoea joto ndizo siku malaria inapotokea! Hapo mgeni hudanganyika. Anatetemeka, kichwa kinamwuma, anatapika, naye asema, “Joto la Katanga limenishika.” Sivyo. Joto la nchi hupungua ukikaa kivulini na kunywa maji. Malaria haipungui hivyo.

Tena wenyeji wengi wa Kikula wameugua malaria mara nyingi tangu utoto, na miili yao imepata nguvu kidogo ya kushindana nayo. Mtu wa milimani hana nguvu hiyo, hata akiwa mzee mwenye mwili mzima. Tangu mwaka 1925 Union Minière iliandika watu wa Ruanda-Urundi kuja kufanya kazi ya shaba Katanga. Walikuwa vijana wenye nguvu, lakini wengi waliugua, na wengi walikufa. Nguvu ya mikono haizuii malaria.

Kwa hiyo ukipata homa yo yote, nenda siku ile ile ukapimwe damu. Ukipewa dawa, imalize yote, hata ukijisikia vizuri. Usinunue vidonge sokoni bila kupimwa. Na tangu usiku wa kwanza, wewe na watoto mlale ndani ya chandalua chenye dawa, ukichomeka pindo zake chini ya godoro. Usikiache kwa sababu ya joto. Afadhali usiku wa jasho kuliko juma la homa.

Maulizo
1. Mwili huzoea joto kwa siku ngapi?
2. Kwa nini mgeni huchanganya malaria na joto?
3. Usiku huu, ni nani nyumbani mwako asiye na chandalua?