Vidokezo: Kabla Hujanunua Tairi la Pikipiki ya Njia Mbovu

Ukiingia duka la spea ukauliza tairi, muuzaji naye atakuuliza: la pikipiki gani? Ukimtajia DT, XL au XTZ, analishusha kutoka juu, unalipa, unaondoka. Kuna swali zito kuliko hilo ambalo wauzaji wengi hawaulizi: unapita wapi? Pikipiki ya aina ileile inaweza kuwa ya bwana shamba anayepanda na kushuka milima ya Lushoto, ya mhudumu wa afya anayekata mchanga wa Rufiji, au ya mtu wa mjini anayeingia porini Jumamosi tu. Saizi wote wanaweza kutumia moja. Tairi hawawezi.

1. Chutama usome ubavu wa tairi ulilonalo

Chukua kitambaa, futa vumbi, soma. Tuseme tairi la nyuma limeandikwa 110/80-18 M/C 58P. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya upana: asilimia 80 ya 110 ni milimita 88. Kumi na nane ni kipenyo cha rimu kwa inchi. M/C maana yake ni tairi la pikipiki. Namba 58 ni alama ya uzito, na herufi P ni mwendo wa juu ambao tairi linaruhusiwa, kilomita 150 kwa saa.

Pikipiki za zamani zinatumia inchi tupu. Kwenye Yamaha DT175 utakuta 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Hapo namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni rimu.

Halafu usiishie hapo. Tairi ulilolikuta kwenye pikipiki ya mkononi huenda lilifungwa na mwenye mali wa kwanza siku aliyokosa saizi yake. Linganisha na kitabu cha pikipiki, au na stika ya kiwandani ambayo mara nyingi hubandikwa karibu na cheni. Zikipingana, amini kitabu.

2. Kipenyo cha rimu hakina mjadala

Rimu ya 21 inavaa tairi la 21, basi. Lakini usidhani kila pikipiki ya porini ina 21 mbele na 18 nyuma. Honda XR150L, kwa mfano, ina 19 mbele na 17 nyuma. Pikipiki za mashindano ya motokrosi huwa na 19 nyuma, wakati za enduro zina 18, kwa sababu tairi la 18 hubaki na ubavu mrefu zaidi wa kuikinga rimu kwenye mawe na mizizi. Kwa hiyo ukiuziwa kwa bei ya kutupa tairi zuri lililotoka mashindanoni, soma namba ya mwisho kabla hujatoa hela.

3. Kwenye upana, piga hesabu kwanza, tamaa baadaye

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Saizi yako ya inchi ikiadimika dukani, ipo ya milimita inayoikaribia. 2.75-21 ina upana wa kama milimita 70, na mbadala wake wa karibu ni 80/90-21: upana umeongezeka kidogo, kimo kiko palepale. 4.10-18 inakaribiana na 100/90-18 au 110/80-18. Mabadiliko ya namna hii pikipiki haitayalalamikia.

Tatizo ni pale mtu anapotaka tairi nene ili pikipiki ionekane na kifua. Chukua 110/80-18 uibadilishe kwa 120/90-18. Kwa macho ni tofauti ndogo. Ipige hesabu: ubavu ulikuwa milimita 88, sasa ni 108. Tairi zima limeongezeka kipenyo kutoka kama milimita 633 hadi 673, asilimia 6 na zaidi. Injini sasa inazungusha gurudumu kubwa kwa sproketi zilezile, na kwa injini ya cc 125 iliyobeba abiria na gunia, mlima uliokuwa unapandwa na gia ya pili utaanza kudai ya kwanza. Fundi atalaumiwa bure kwamba kachezea kabureta.

Jambo la pili ni upana wa rimu yenyewe. Umegongwa kwenye chuma: 1.60x21, 1.85x18, 2.15x18. Tairi pana likivalishwa rimu nyembamba hubanwa chini, likafura juu, na sura yake ikawa ya mviringo kama yai. Meno ya pembeni hayagusi tena ardhi mpaka ulale sana, na katikati panaisha upesi. Umelipia upana ambao hauutumii. Kwa rimu ya 1.85, bakia karibu na upana wa kitabu. 130 mwachie mwenye rimu yake.

La tatu ni nafasi. Zungusha gurudumu la nyuma taratibu, kisha tazama mahali tairi linapopita karibu na chuma kinachoshika gurudumu, karibu na cheni, na chini ya madigadi. Nafasi ndogo kuliko upana wa kidole cha shahada ni ndogo mno, kwa sababu tope pia linahitaji pa kupita. Na zingatia hili: cheni kuukuu iliyorefuka husogeza gurudumu nyuma. Siku ukifunga cheni mpya, gurudumu linarudi mbele, karibu na chuma. Tairi lililopita bila shida mwezi uliopita linaanza kukwaruza. Pima ukiwa na picha hiyo kichwani.

Mwisho, namba zinazofanana hazina maana kwamba matairi yanalingana. 120/90-18 ya kampuni moja na ya nyingine zinaweza kupishana milimita kadhaa, hasa meno yakiwa makubwa. Nenda na rula au futi ya fundi seremala.

4. Meno yachaguliwe na ardhi

Tope zito linataka meno marefu yaliyoachana, ili udongo uruke nje gurudumu linapozunguka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda mpaka chini ya madigadi gurudumu likakataa kuzunguka, tairi jembamba lenye meno machache marefu linashinda lile nene: linapasua tope kufika chini kwenye ardhi ngumu, wakati nene linaelea na kujipaka. Anayeishi na ardhi ya namna hiyo anunue tairi lake kabla ya masika. Mwezi wa Aprili, katikati ya tope, si mwezi wa kutafuta saizi.

Mchanga ni kinyume kidogo. Huko unataka kuelea, kwa hiyo upana unasaidia, na kupunguza upepo kunasaidia zaidi.

Njia ngumu yenye kokoto juu, ambayo ndiyo barabara yetu ya kawaida ya vumbi wakati wa kiangazi, inataka meno mafupi yaliyokaribiana. Meno marefu juu ya ardhi ngumu hupinda kila ukifunga breki na kila ukikata kona, na baada ya muda yanaanza kuchanika kwenye shina. Lipindue jino moja kwa kidole gumba: ukiona ufa chini yake, tairi hilo lilifungwa mahali pasipo pake.

Kwa mawe, kama yale meusi ya volkano upande wa Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, meno ni suala la pili. La kwanza ni ubavu mgumu. Tafuta maandishi ya 4PR au 6PR, yanayoonyesha ugumu wa nyuzi za tairi. Namba kubwa, ubavu wenye nguvu zaidi, na tairi zito zaidi vilevile.

Kwenye matairi ya mashindano utakutana pia na maneno ya kiwandani yanayotaja ardhi laini, ya wastani na ngumu. Yanaeleza ardhi, hayaelezi mpira. Tairi la ardhi ngumu mara nyingi ndilo lenye mpira laini, ili ushike. Wapo walionunua kinyume chake wakidhani wananunua tairi la kudumu.

5. Lami nayo ihesabu

Jiulize kwa ukweli: katika wiki ya kawaida, lami ni kiasi gani? Kampuni hutoa makadirio ya matumizi, nusu kwa nusu au sabini kwa thelathini, na yanafaa kama mwanzo wa mazungumzo. Tairi lenye meno marefu kama Pirelli MT 21 linakupeleka mbali porini, ila kwenye lami linavuma, linaisha haraka, na mvua ikinyesha linagusa barabara kwa vipande vidogo tu vya mpira. Breki yako inahitaji nafasi ndefu zaidi. Continental TKC 80 ina meno makubwa lakini yametulia zaidi kwenye lami. Mitas E-07 ina mpira mwingi katikati, na inamfaa mtu wa safari ndefu zenye vipande vya vumbi. Kama nusu au zaidi ya mwendo wako ni lami, maoni yangu ni kwamba usinunue tairi la meno marefu, hata likupendeze vipi.

6. Hela ikiwa ya tairi moja, fikiria la mbele

Najua desturi: tairi jipya linafungwa nyuma, la mbele linasubiri mpaka liwe kipara, kwa kuwa la nyuma ndilo linaloisha kwanza. Lakini gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unapata muda wa kulirudisha. Unalegeza mafuta, pikipiki inanyooka. La mbele likiteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa, uko chini kabla hujajua. Usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki viko mbele. Tazama meno ya pembeni ya tairi la mbele, maana ndiyo yanayoshika kwenye kona. Yakiwa yamelika upande mmoja yakabaki na ncha kama msumeno, badilisha hata kama ya katikati bado yapo.

7. Namba ya uzito ni ya abiria na mzigo

Alama 48 ni kilo 180 kwa tairi, 54 ni 212, 58 ni 236. Jumlisha pikipiki, wewe, abiria, madumu na kile kilichofungwa kwenye keria, ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya mzigo inakaa nyuma. Usishuke chini ya namba ya kitabu. Kupanda ruksa.

8. Tafuta tarehe ya kuzaliwa

Baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata ukiwa umetundikwa dukani, na jua la mlangoni huuharakisha. Bonyeza ukucha kwenye jino: ukucha usipoacha alama hata kidogo, au ukiona nyufa nyembamba kwenye mizizi ya meno, rudisha. Kung'aa si ushahidi, kwa sababu tairi kuukuu hupakwa dawa likang'aa kuliko jipya.

9. Tyubu mpya kwa tairi jipya

Rimu nyingi za spoku zinahitaji tyubu, na tairi lake huandikwa TT. Lenye TL halihitaji tyubu likiwa kwenye rimu ya aina yake. Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Ya zamani imekwisha kunyooka. Ukiirudisha hujikunja ndani na kujitoboa kwenye mkunjo. Hakikisha pia ukanda wa mpira unaofunika nati za spoku bado upo mahali pake.

10. Kufunga, upepo na kilomita za kwanza

Kama ubavu una mshale, uelekee mbele gurudumu linapozunguka. Kwenye ubavu, karibu na rimu, kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi lote. Baada ya kujaza upepo, mstari huo uwe umbali uleule kutoka ukingo wa rimu pande zote. Ukizama mahali pamoja, tairi halijakaa, na litakutikisa ukishika kasi. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kipimo na si kwa teke. Kwa lami na abiria, fuata kitabu. Kwa pikipiki nyepesi yenye mtu mmoja porini, psi 20 hadi 22 zinatosha kwenye mawe; kwenye mchanga na tope unaweza kushuka hadi 15 au 16, ukiendesha pole. Ukishuka zaidi bila kibano cha kushikilia tairi kwenye rimu, tairi linaweza kuzunguka peke yake na kung'oa valvu. Dalili yake inaonekana mapema: valvu iliyosimama wima inaanza kulala upande mmoja. Na ukipata pancha ya matundu mawili yanayotazamana kwenye tyubu, usimtafute mwenye msumari. Upepo ulikuwa mdogo, jiwe likaibana tyubu kwenye rimu.

Tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani juu yake. Kilomita 100 za mwanzo kata kona bila kulala sana na funga breki kwa upole, halafu pima upepo tena na ugonge spoku moja moja. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Mpelekee fundi aikaze kabla hujarudi njiani.