Hendibreki Mpya Haishiki Kilimani: Maswali Baada ya Kubadilisha Breki

Gari limetoka gereji. Brekishuu za nyuma ni mpya, diski ni mpya, fundi ameshalipwa. Unafika nyumbani kwenye kile kiteremko cha getini, unavuta hendibreki mpaka juu, unaachia kanyagio, na gari linaanza kutambaa kurudi nyuma. Wengi hurudi kwa fundi wakiamini wameuziwa spea bandia. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kilichokosekana ni hatua ya mwisho ambayo haifanyiki chini ya gari bali barabarani: kuizoesha hendibreki mpaka lainingi ilale vizuri kwenye dramu.

Iweje breki mpya ishike vibaya kuliko ile iliyokwisha?

Ni suala la umbo. Brekishuu ni chuma kilichopinda kama mwezi mchanga, na mgongoni kimebandikwa lainingi. Ukivuta mkono wa hendibreki, waya huzitanua brekishuu mbili, na lainingi zake hukandamiza ukuta wa ndani wa dramu. Zile za zamani zilikuwa zimeshalika zikafuata mpindo wa dramu ile ile ziliyokaa nayo miaka. Mpya zimekuja na mpindo wa kiwandani. Zikikutana na dramu iliyolika, hugusa kwenye ncha tu, au katikati tu, na kipande kidogo cha lainingi hubeba kazi ya lainingi nzima. Ndiyo maana unavuta kwa nguvu zote na gari bado linateleza.

Kuzoesha ni kuzisugua lainingi taratibu, kwa joto la kiasi, mpaka sehemu zilizoinuka ziishe na uso wote uguse.

Breki za mguu nazo zilikuwa mpya. Mbona zenyewe zilikaa sawa bila mtu kuzizoesha?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ndipo wenye magari wengi, hata mafundi wazuri, hupasahau. Breki ya mguu hufanya kazi gari likiwa linatembea. Kila ukikanyaga kwenye foleni, kwenye tuta, kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, pedi zinasugua diski. Baada ya siku chache za kuendesha kwa utulivu zimeshajilaza zenyewe.

Hendibreki haipati nafasi hiyo. Unaivuta gari likiwa limesimama, na unaiachia kabla halijaondoka. Haisuguani na chochote. Lainingi mpya inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa bado mpya, ikigusa pale pale kwenye ncha ilipogusa siku ya kwanza. Kusubiri hakutasaidia kitu. Anayesema "itakaa tu yenyewe ukiendelea kutumia" anazungumzia breki ya mguu.

Je, kila gari linahitaji jambo hili?

Hapana, na ni vizuri kujua gari lako liko kundi gani kabla ya kuhangaika. Magari madogo yenye dramu nyuma, kama Vitz, IST na Probox nyingi zilizojaa mijini kwetu, hutumia brekishuu zile zile kwa mguu na kwa mkono. Hizo hujizoesha kila ukikanyaga. Kinachohitajika ni kurekebisha tu.

Kundi linalohusika hasa ni la magari yenye diski nyuma ambayo katikati ya diski, kwenye ile sehemu iliyoinuka kama bakuli, mmefichwa dramu ndogo yenye brekishuu zake. Dramu hiyo ni ya hendibreki peke yake. Prado, Harrier, Mark X na Subaru Forester nyingi zimo humu. Ukibadilisha diski umebadilisha na dramu, hata kama brekishuu hukuzigusa, kwa hiyo umbo limevurugika tena.

Lipo kundi la tatu ambalo hendibreki yake hubana pedi zile zile za breki ya mguu kupitia kalipa. Hili nalo hujizoesha lenyewe. Na la nne ni la hendibreki ya umeme, ile ya kubonyeza kitufe. Usijaribu kuizoesha kwa njia nitakayoeleza hapa chini. Hata kubadilisha pedi zake mara nyingi huhitaji kompyuta ya fundi iiambie mota irudi nyuma kwanza; akilazimisha kwa mkono, mota inaweza kuharibika.

Fundi anatakiwa awe amefanya nini kabla sijaingia barabarani?

Kuzoesha hakutibu kazi mbovu. Kwanza, uso wa dramu uwe safi. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani, na mafuta hayo yasipofutwa ndani ya bakuli, lainingi huyanywa. Lainingi iliyokunywa mafuta au grisi haizoeleki tena, hutupwa. Kama sili ya ekseli inavuja, izibwe kwanza.

Pili, mpangilio wa kurekebisha. Waya ulegezwe, kisha kila gurudumu lirekebishwe kwa kile kigurudumu kidogo chenye meno kinachozungushwa kwa bisibisi kupitia tundu la diski. Kwa Toyota nyingi zenye mfumo huu, kigurudumu hukazwa mpaka diski isizunguke kabisa, halafu hurudishwa meno 8. Baada ya hapo ndipo waya hukazwa, tena kidogo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni fundi kukaza waya peke yake kwa sababu uko karibu na hauhitaji kufungua tairi. Hendibreki itaonekana kukaza wiki mbili, kisha mkono unapanda mpaka dari, na huku nyuma lainingi zinaburuza na kuchemka.

Sasa, inazoeshwaje?

Tafuta barabara tambarare, kavu, iliyonyooka na isiyo na watu. Isiwe ya vumbi wala changarawe, na isiwe siku ya mvua, kwa sababu hendibreki hushika magurudumu ya nyuma tu. Yakigoma kuzunguka, gari hugeuka kichwa kikawa mkia. Hakikisha hakuna gari nyuma yako. Taa za breki huwashwa na kanyagio la mguu, si na hendibreki, kwa hiyo anayekufuata hatajua kuwa unapunguza mwendo.

Utaratibu wa Toyota kwa mifumo hii ni huu: endesha kama kilomita 50 kwa saa. Bonyeza kitufe kilicho kichwani mwa mkono wa hendibreki na ukishikilie muda wote, ili mkono usijifunge na uweze kuuachia papo hapo. Ukiwa umekibonyeza, vuta kwa nguvu ya kilo 9 hivi, kama unavyoinua ndoo ya lita 10 ambayo haijajaa. Endelea hivyo kwa mita 400, kisha achia. Rudia mara 2 au 3. Subaru, kwa magari yake kadhaa, huelekeza mwendo wa chini zaidi, kilomita 35 kwa saa, kwa mita 200, kisha kupumzika dakika 5 hadi 10 breki zipoe kabla ya kurudia. Kama kitabu cha gari lako kinasema vingine, fuata kitabu.

Mapumziko yasirukwe. Lainingi ikichemka kupita kiasi huota uso mgumu unaong'aa kama kioo, na hapo haishiki tena mpaka isuguliwe kwa msasa au ibadilishwe. Unatakiwa usikie gari limekuwa zito kidogo, basi. Ukisikia harufu kali ya kuungua, umezidisha.

Magari yenye hendibreki ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto yanahitaji tahadhari zaidi, maana kanyagio hujifunga lenyewe. Kama lina mkono wa kuachilia, ushikilie ukiwa umevutwa. Kama huachiliwa kwa kukanyaga tena, mwachie fundi mzoefu aifanye kazi hii.

Ukimaliza, rudi gereji. Lainingi imelika kidogo, kwa hiyo nafasi imeongezeka na marekebisho ya mwisho yanatakiwa.

Nitajuaje kwamba imekubali?

Hesabu milio ya mkono unapovuta. Kwa Toyota nyingi, milio 5 hadi 8 kwa mvuto wa nguvu ni ya kawaida, ila kila gari lina idadi yake. Kisha tafuta mteremko mdogo, weka gia huru, vuta hendibreki, inua mguu polepole kwenye kanyagio. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, hasa watoto. Kanuni za kimataifa za Umoja wa Mataifa zinataka hendibreki ya gari dogo lililojaa mzigo wake ilishike kwenye mlima wa asilimia 20, yaani unaopanda mita 20 kwa kila mita 100. Huo ni mlima mkali.

Baadaye endesha kilomita chache bila kuvuta hendibreki, simama, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, upande huo unaburuza.

Gari langu ni otomatiki. Si ninaweka P tu?

Ukiweka P, kinacholizuia gari ni kidole kidogo cha chuma ndani ya gia boksi kilichoingia kwenye jino. Kwenye mteremko, uzito wote wa gari huning'inia hapo. Vuta hendibreki kwanza ukiwa umekanyaga breki, uachie gari litulie, ndipo uweke P.

Tunaoishi pwani?

Chumvi na unyevu hushikamanisha lainingi na dramu. Ukiegesha Mombasa, Tanga au Unguja kwa wiki kadhaa, hasa gari likiwa limetoka kuoshwa, hendibreki inaweza kukwama. Mahali tambarare, tumia gia na choki za kuzuia tairi badala yake. Na wale mnaoweka jiwe nyuma ya tairi mnapoharibikiwa mlima Kitonga au njia ya Mombo kwenda Lushoto, mnafanya sawa kabisa, ila mkiondoka liondoeni. Jiwe lililoachwa barabarani limempindua mwendesha pikipiki asiye na kosa.

Neno moja kwa mafundi: vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa.

Nawe mwenye gari, siku ya kuchukua gari lako usikabidhiwe ufunguo ukaondoka. Mwombe fundi aingie nawe, mwende barabara tulivu, mkaizoeshe hendibreki, mrudi airekebishe mbele yako.