Dondoo muhimu: Si kila kuungua ni U.T.I.

Mkojo unaochoma na kukubana kila mara, bila uchafu ukeni, huelekeza kwenye U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo); muwasho na uchafu mzito mweupe kama mtindi, kwenye fangasi; uchafu mwepesi wa kijivu unaonuka samaki, kwenye bakteria wa ukeni. Lakini kwa mwanamke wa Pujini, kisiwani Pemba, dalili hizo hazitoshi, kwa sababu kisiwa hicho kina kichocho, ugonjwa wa minyoo: damu kwenye mkojo yaweza kutokana nacho, na antibayotiki haiui minyoo hao, dawa yao ni prazikwanteli; hivyo pima kwanza. Utasema duka la dawa li karibu kuliko maabara ya Chake Chake. Kweli, ila antibayotiki ya kubahatisha huweza kuleta fangasi wapya. Mjamzito mwenye dalili hizi, au mwenye homa na maumivu ya ubavuni, aende hospitali siku hiyo hiyo.