Kompyuta Imekufa, Diski Yake Bado Ina Kazi



Katika ofisi nyingi za sharika, kuanzia Kigoma mjini na Ujiji hadi vijiji vya kando ya ziwa, ipo kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa pembeni. Mara nyingi kilichoungua ni kifaa cha kupokea umeme. Si ajabu: kwa miaka mingi Kigoma ilitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Lakini diski iliyo ndani, yaani sehemu inayotunza mafaili, yaweza kuwa nzima. Somo letu ni jinsi ya kuitoa na kuiunganisha na seva ndogo ya ofisi au ya nyumbani, na hasa ni kazi gani ipewe.

Seva yenyewe isiwatishe. Kompyuta mpakato ya zamani yenye mfumo wa Linux inatosha, na betri yake ikiwa nzima haizimiki ghafla umeme unapokatika. Diski inaunganishwa kwa waya wa USB. Ile ya kompyuta mpakato, yenye upana wa inchi 2.5, huingia kwenye kasha dogo na kupata umeme kupitia waya huohuo. Ya kompyuta ya mezani ni inchi 3.5 na inahitaji volti 12, ambazo waya wa kawaida wa USB hautoi, hivyo nunua kasha lenye adapta yake. Diski za zamani sana zina plagi ya pini nyingi iitwayo IDE badala ya SATA, na makasha yake ni adimu. Nenda dukani na diski yenyewe mkononi.

Mkishanakili mafaili yenu, futeni kila kitu. Kubonyeza “futa” au kufomati haraka hakutoshi, kwani maandishi hubaki pale pale. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyonunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Diski 129 zilifanya kazi, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Jambo hili linawahusu pia ndugu zetu mnaotutumia kompyuta zilizotumika: tafadhali zisafisheni kwanza. Sisi nasi tunabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, maana majina ya watoto na michango ya washarika si mali ya kuzagaa. Fundi atumie programu ya kuandika sifuri diski nzima, naye ahakikishe mara mbili ni diski ipi, kwa sababu programu hizo hazina huruma.

Kisha ipimwe. Kila diski huweka kumbukumbu ya afya yake, iitwayo SMART, na kwenye Linux programu ya smartmontools huisoma bure. Ikionyesha sekta mbovu, usiipe kazi. Mwaka 2007 watafiti wa Google, waliofuatilia diski zaidi ya 100,000, waliona kwamba baada ya kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wa diski kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote kati ya yale manne makuu. Kwa hiyo kipimo kibaya kinatosha kuikataa diski, ila kipimo kizuri hakitoshi kuiamini.

Ndiyo maana diski ya zamani ipewe kazi ya kutunza nakala ya pili au ya tatu, kamwe isiwe nakala pekee. Chukulia rejista ya ubatizo. Cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo ambavyo mtu mzima huombwa anapotafuta cheti cha kuzaliwa RITA. Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2020 na 2021, maji yaliingia katika majengo ya ufukweni, na daftari likilowa halina mwenzake. Pigeni picha kurasa zote. Picha moja ikae kwenye seva, ya pili kwenye diski ya nje, ya tatu kwenye diski nyingine iliyo mbali na maji, tuseme Kasulu. Hiyo ya mbali ifungwe kwa nywila, na nywila ikae kwa mhazini ndani ya bahasha iliyogundishwa. Ikisafirishwa kwa bodaboda, izungushiwe sponji.

Kila robo mwaka katibu achomeke diski hiyo, afungue kurasa tatu au nne bila kuchagua, na kuzilinganisha na daftari.