SOMO LA MWEZI: MEYA WA NAIROBI NA KURA YA SIRI



Kila tunapochagua wajumbe wetu, kiwandani au shambani, hakosi mtu wa kusema: "Karatasi za nini? Simameni nyuma ya mnayemtaka, tuhesabu, turudi kazini." Kabla ya kumkubalia, sisi wa kikundi cha Mutanga Nord tunaomba tujifunze habari za Charles Rubia wa Nairobi.

Rubia alizaliwa Murang'a, Kenya, mwaka 1923. Mwaka 1962, nchi ingali chini ya Waingereza, alikuwa meya wa Nairobi, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho katika mji uliogawanywa kwa rangi za watu. Alikaa nacho hadi 1967. Mwaka 1969 alichaguliwa Mbunge wa Starehe, jijini humo humo.

Hakuwa mnyonge. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa na mwanachama wa KANU, chama kilichotawala. Lakini mwaka 1986 chama hicho kilipoleta kura ya mlolongo, Rubia aliipinga hadharani.

Mlolongo ulikuwa hivi: wapiga kura wa chama walipanga mstari nyuma ya mgombea au wakala wake, watu wote wakitazama. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alikuwa ameshinda moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata.

Ubaya wake ni wa namna mbili. Kwanza, chifu anakuona, mwenye nyumba anakuona, bwana wa kazi anakuona. Pili, mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu, watu wakishatawanyika hakuna kitu cha kuhesabu tena. Karatasi hubaki sandukuni, mstari haubaki.

Mwaka 1988 Rubia mwenyewe alipoteza kiti chake kwa mlolongo. Hakunyamaza. Mei 1990, yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi mbele ya waandishi wa habari. Tarehe 4 Julai walikamatwa, siku tatu kabla ya mkutano wa Kamukunji, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Desemba mwaka huo, Rubia angali kizuizini, KANU yenyewe iliuacha mlolongo. Alitoka Aprili 1991, afya yake imedhoofika. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Alifariki tarehe 23 Desemba 2019.

Ndugu, kura ya siri si jambo la wabunge peke yao. Mchuma chai anayeogopa kunyimwa kazi kesho hawezi kuchagua kwa uhuru mbele ya msimamizi wake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI
1. Mjumbe wenu alichaguliwa namna gani? Nani walikuwapo wakitazama?
2. Karatasi zilihesabiwa mbele ya nani, na zinatunzwa wapi?
3. Asiyejua kusoma atasaidiwaje kupiga kura, siri yake isivuje?