SOMO LA LUGHA: KISWAHILI CHA NYUMBANI NA KISWAHILI BORA



Katika masomo yetu iko tabia moja inayoumiza wengi: kuchekana juu ya namna ya kusema. Mutoto anatoka Djugu ao Mahagi, anajibu kwa sauti ya kwao, kalasi yote inacheka. Kesho yake hainui tena mkono. Mwingine anasema Kiswahili bora, wanamwita "Mtanzania". Kwa hiyo tumeona vizuri tujifunze jambo hili pamoja.

1. Kiswahili chetu kilitoka wapi?
Kiswahili si lugha ya kabila moja la Ituri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wafanya biashara wa pembe na watumwa, kama Tippu Tip, walikileta toka pwani mpaka Nyangwe, Kasongo na Kisangani. Kikaitwa Kingwana. Nyuma yake askari, misioni na kazi ya zahabu ya Kilo-Moto walikieneza huku kwetu. Mlendu, Mhema, Mwaluri, Mbira na Mnyali, kila mtu alikuwa na lugha yake, lakini soko na kazi vilikuwa vya wote. Njo maana Kiswahili chetu kilifuata desturi za lugha za jirani. Pwani wanasema watu, sisi tunasema batu, sawa vile Lingala inasema bato na Kinande abandu. Hiyo si ujinga, ni kanuni yake.

2. Na Kiswahili bora?
Hata pwani Kiswahili hakikuwa kimoja. Mombasa walisema Kimvita, Lamu Kiamu, Zanzibar Kiunguja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 kamati ilianza kazi ya kukisanifisha. Basi mutoto wa Mombasa naye alipaswa kujifunza shuleni maneno yasiyo ya mama yake.

3. Angalia tofauti (kwanza Bunia, kisha bora):
batoto – watoto
mayi – maji
franga – fedha, pesa
niko na kitabu – nina kitabu
kitabu ile nilinunua – kitabu nilichonunua
kutosha – kutoa

Neno la mwisho lina hatari. Kwetu "tosha franga" maana yake toa fedha. Kule Dar es Salaam "fedha zinatosha" maana yake hazipunguki. Mutu asiyejua anaweza kugombana bure na muuzaji.

4. Mfano wa mbali
Katika Japani, kwenye visiwa vya Okinawa, mwanzoni mwa karne ya 20, mwanafunzi aliyesema lugha ya kwao shuleni alivalishwa kibao shingoni, mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa lile lile. Watoto walijifunza Kijapani bora, lakini walijifunza na haya. Leo lugha za visiwa vile ziko karibu kupotea. Katika mji wa Osaka mambo ni mengine: watu wengi wanasema namna ya kwao nyumbani na sokoni, na Kijapani bora wanakiandika na kukisema na wageni. Mutu iko na nguo ya shamba na nguo ya ibada. Hachomi moja juu ya kupata nyingine.

5. Tufanye nini?
Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka ule ule Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Tujifunze basi Kiswahili bora kwa bidii, kwa barua, kwa vitabu na kwa safari. Lakini Kiswahili cha Bunia tusikitupe. Vita ya 1999 hadi 2003, na mapigano yaliyoanza tena 2017, yalitenga makabila na kuleta wakimbizi wengi mjini. Kwa Kiswahili hiki batoto wawili wanaweza kucheza mpira bila kuulizana kabila. Ukimcheka mwenzako akisema, unamfungia mlango ule uliobaki wazi.

Mazoezi: (a) Andika sentensi tano za nyumbani kwenu, kisha uziandike kwa Kiswahili bora. (b) Tafuta neno lingine lenye maana moja hapa na nyingine pwani. (c) Juu ya nini kibao cha Okinawa kilikuwa kibaya?